Mzee wa Baraza wa Siku Moja

Vijana wa masjala, siku mliponiaga kwa soda na keki mlinitaka niseme neno, nikawaambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Neno langu lilikuwa refu kuliko subira ya watu waliosimama wameshika sahani, basi nimeliandika. Vyeo na mishahara sitavitaja humu. Hivyo viko kwenye jalada langu, na nyie mnajua jinsi majalada yanavyopatikana masjala kwetu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na moja, katika korti ndogo upande wa Kariakoo, miaka ile ya ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu na kila kitu kilikuwa na foleni. Baba yangu, Mchaga aliyekuwa na duka la jumla, alitaka nikae dukani. Nikamwambia nimechoka kupima maharage. Siku ya kwanza nilipewa mashine ya kupiga chapa iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia, kaboni zilizokwisha rangi, na fundo la kamba za kufungia majalada. Hakimu akaniambia nikae, nisikilize, nisiseme.

Siku hiyohiyo aliletwa fundi cherehani aliyeshitakiwa kwa kuiba kitambaa cha mteja. Mteja alidai alipeleka yadi tano na gauni limetoka dogo. Hakimu alikuwa ameshaamua, usoni ilionekana. Lakini katika korti ndogo hakimu haamui peke yake. Kushoto na kulia kwake wanakaa wazee wa baraza wawili, watu wa mtaani tu ambao hawakusomea sheria, na ikifika kuamua kila mmoja ana kura sawa na ya hakimu. Mmoja wa wale wazee aliwahi kushona ujanani. Akaomba lile gauni, akaligeuza, akalipima kwa shubiri mbele yetu, akasema, "Hiki kitambaa hakikuwa yadi tano. Kilikuwa nne, na zote zimo humu." Mzee wa pili akasema naye anaona hivyo. Kura mbili kwa moja. Hakimu akanuna, akashika kalamu, akaandika kwamba fundi yuko huru.

Nilipigwa na butwaa. Mzee wa ndala, kofia imemkaa upande, amemshinda hakimu mwenye tai, na hakimu ameandika alichoambiwa. Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba. Akasema serikali imefanya jambo la maana sana, ila nisilizungumze dukani.

Nilikaa korti ile miaka mitatu, na wazee wale ndio walionifunza kazi. Walikuwa watu wenye shughuli zao lakini. Huyu kafiwa, yule anaumwa, yule kasikia sukari imeingia duka la ushirika na hakuna sheria ya nchi ambayo ingemrudisha. Kujaza viti ilikuwa kazi yangu. Nilitoka nje, nikamwita mzee mwingine wa kwenye orodha, akakaa, kesi ikaendelea pale ilipoachwa. Kama ilikuwa halali hata huko sijui, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hakimu alipenda kuwaambia wageni kwamba korti ya Anjela haina kiti kitupu, na sifa hiyo iliniingia kichwani.

Kwa kuwa nilisoma kwa masista na Kiingereza nilikijua, nikahamishiwa korti kubwa, ile inayosikiliza kesi za mauaji. Huko jaji anaandika Kiingereza na mashahidi wanasema Kiswahili, kwa hiyo karani ndiye mkalimani. Wazee wa baraza ni watatu badala ya wawili. Nikasema moyoni, vizuri, hapa haki ni kubwa zaidi. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akanieleza kitu, nami sikumuuliza mtu. Nilijiona nayajua.

Jaji wangu alikuwa mtu wa kuandika. Aliandika kila neno la shahidi kwa mkono wake, kichwa chini, tangu asubuhi mpaka saa nane. Sidhani kama aliijua sura yangu, aliijua sauti. Kila asubuhi aliuliza bila kuinua macho, "Wazee?" Nami nilijibu, "Wapo, Mheshimiwa, watatu." Akaandika kwamba wapo.

Kesi ninayotaka kuwaeleza ni ya Idi, msukuma mkokoteni wa Kariakoo, kijana wa umri wangu. Siku moja watu walikuwa kwenye foleni ya unga nje ya duka. Muuzaji akatangaza umekwisha, akaanza kufunga, vurugu ikazuka, na mtu mmoja akapigwa kichwani kwa jiwe la mizani, lile la kilo mbili, akafa palepale. Muuzaji alisema alimwona Idi akiingiza mkono dirishani, akachukua jiwe, akapiga. Idi alikimbia, akakamatwa siku ya tatu akiwa kajificha Ilala kwa shangazi yake. Kosa hilo likithibitika adhabu yake ni moja tu, kunyongwa. Mama yake, Bi Tatu, muuza vitumbua, alikuwa na mtoto huyo mmoja.

Kesi ilipoanza Idi alionyeshwa wazee wake watatu akaulizwa kama ana tatizo na yeyote. Akasema hana. Mmoja alitoka Ilala, mmoja alikuwa mpagazi mstaafu wa bandarini, na wa tatu Mzee Salim, mtu wa asili ya Uarabuni aliyekuwa na duka la viungo Msimbazi. Siku mbili zikaenda vizuri. Asubuhi ya siku ya tatu Mzee Salim akaleta ujumbe: shemeji yake amefariki, anazikwa saa saba, asisubiriwe.

Karani mwingine angepanda juu akamwambia Jaji. Mimi nilitoka koridoni. Pale kwenye benchi alikaa Mzee Shomari, mzee wa baraza kama wao, ambaye kesi yake ya chumba cha pili ilikuwa imeahirishwa.

"Shikamoo Mzee Shomari. Njoo unikalie humu leo."

"Marahaba. Kesi ya nini?"

"Utaisikia humohumo."

Akaingia, na kanzu yake nyeupe na kofia yake, akakaa kwenye kiti cha Mzee Salim. Jaji akauliza, "Wazee?" Nikajibu, "Wapo, Mheshimiwa, watatu." Wala sikujiona nadanganya, maana walikuwa watatu kweli. Siku hiyo nzima alitoa ushahidi muuzaji wa duka, yule aliyesema kaona kwa macho yake. Mzee Shomari alisikiliza kwa makini sana, masikini, akauliza na swali. Kesho yake Mzee Salim alirudi kutoka msibani. Wakati wa chai wenzake walimsimulia muuzaji alisema nini, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nilijisikia mfanyakazi hodari.

Ushahidi ulipokwisha Jaji aliwaeleza wazee kesi ilivyo, akawauliza mmojammoja maoni yao. Mzee wa Ilala akasema hana hatia. Mpagazi akasema hana hatia. Mzee Salim akasimama, akasema, "Mimi ni mwenye duka, Mheshimiwa. Dirisha la kuuzia unga lina wavu. Jiwe la mizani huliweki karibu na dirisha, litaibiwa siku ileile. Aliyelishika alikuwa ndani ya duka. Huyu kijana alikuwa nje. Hana hatia." Niliyatafsiri maneno yale kwa furaha, na sauti yangu ilipanda. Jaji akaandika, akasema hukumu itasomwa baada ya wiki moja.

Bi Tatu alinisubiri mlangoni.

"Mwanangu, nimewasikia wote watatu. Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Tatu kwa moja. Nenda kamtafutie nguo za kuvaa."

Nilisema hivyo. Hakunilazimisha mtu. Akanishika mikono yote miwili, akaondoka anakwenda karibu kukimbia.

Siku ya hukumu alikuja na kikapu, ndani shati jeupe na suruali vimepigwa pasi. Alikaa mstari wa mbele. Jaji alisoma muda mrefu na mimi nilitafsiri kipande kwa kipande, muuzaji kasema hivi, mshitakiwa kajibu hivi. Kisha akasoma kwamba wazee wa baraza wote watatu wameona mshitakiwa hana hatia, na kwamba kwa heshima zote yeye hakubaliani nao. Wazee, alisema, wametumia mambo ya madukani kwao badala ya ushahidi uliotolewa mbele ya korti.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasubiri sentensi inayofuata inirekebishe. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya adhabu.

Mkalimani ana balaa moja ambalo hakuna anayemweleza siku anaajiriwa: anajua kabla. Kwa muda wa pumzi mbili, kati ya watu wote waliojaa kile chumba, waliojua kwamba Idi atanyongwa walikuwa Jaji, mawakili wawili na mimi. Idi alikuwa ananitazama mdomoni. Bi Tatu alikuwa ananitazama mdomoni, mkono mmoja juu ya kikapu.

"Tafsiri, karani," akasema Jaji.

Nikatafsiri. Sijui nilitumia maneno gani, lakini yalifika, maana Idi alishika ukuta wa kizimba. Bi Tatu hakulia. Alimgeukia mtu aliyekaa naye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu binti kakosea. Mwambieni arudie."

Askari walimteremsha Idi chini, na mama yake alikuwa bado anawaambia watu kwamba karani kakosea.

Nilikwenda masjala. Mkuu wetu alikuwa Bwana Lukas, mtu aliyenifundisha kufunga jalada lisifunguke hata likianguka ngazini, mtu asiyecheka kabla ya saa nne. Nikamwambia Jaji amekosea kuhesabu, wazee watatu wamesema hana hatia na yeye kamtia hatiani.

"Anjela, nani alikuambia wazee wa huku wanapiga kura?"

"Si ndivyo sheria ilivyo?"

"Kule kwenu ni kura. Huku ni maoni. Jaji anawasikiliza, anawashukuru, anaamua anavyoona yeye."

"Sasa wanakaa pale kwa nini?"

"Sheria inataka wakae."

Yaani nchi moja, mji mmoja, mwendo wa miguu tu kutoka korti hadi korti. Ukigombana na fundi juu ya gauni, watu wa mtaani kwako wana uwezo wa kukuokoa. Ukitakiwa kunyongwa, watu walewale wanaombwa maoni. Wenzangu, nimekaa kazini miaka thelathini na zaidi baada ya hapo na sijazoea.

Kwa hasira nikaropoka kwamba basi hata nisingehangaika kumtafuta Mzee Shomari siku ile. Bwana Lukas akaweka kalamu chini.

"Kumtafuta kufanya nini?"

Nikamweleza. Alisimama, akafunga mlango, akakaa tena. Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi vile.

"Umembadilisha mzee wa baraza katikati ya kesi ya mauaji."

"Siku moja tu. Kiti kilikuwa kitupu."

"Na aliyekosa siku hiyo akarudi akatoa maoni juu ya shahidi ambaye hakumsikia. Na Jaji hakuona?"

"Alikuwa anaandika."

Akanieleza polepole, kama anazungumza na mgonjwa. Wazee wanaoanza kesi ndio wanaoimaliza. Akiongezwa mgeni, au aliyekosa akarudi, ile si kesi tena. Majaji wa rufani wakijua wataifuta yote, hukumu na adhabu, ianze upya. Lakini kwenye maandishi ya Jaji kila siku imeandikwa wazee watatu wapo. Hakuna mtu atakayejua mpaka mtu aseme, na wa kusema ni mimi.

"Ukisema," akaniambia, "kazi huna. Pengine na wewe utashitakiwa. Ukinyamaza, mimi hukuniambia kitu, na sikusikia." Akafungua mlango, akachukua kalamu yake.

Nataka nyie vijana mjue kwamba sikwenda mbio kusema. Watu wakisimulia mambo haya hujifanya mashujaa. Nilikaa siku nne. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria baba atakavyoniambia dukani, nilifikiria kwamba wakili anaweza kushinda rufani kwa njia nyingine bila mimi. Nilifikiria hata kwamba labda Idi aliua kweli. Siku ya tano nilimkuta Bi Tatu nje ya korti na kile kikapu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimeshazungumza na Jaji juu ya lile kosa langu la kutafsiri, asahihishe. Alikuwa anauliza kwa adabu, hataki kuniudhi. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa wakili wa Idi.

Wakili alikuwa kijana, aliyepewa kesi na korti kwa sababu familia haikuwa na uwezo. Nilimweleza kila kitu, akaniandikia kiapo, nikasaini. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa: yeye siku ile alikaa hatua tano kutoka kwa wazee, hakumwona Mzee Shomari?

"Nilimwona," akasema. "Nilidhani Jaji anajua."

Baadaye wakili wa serikali naye aliulizwa, akajibu vilevile. Wazee wawili waliobaki walidhani ndiyo taratibu za korti kubwa. Idi mwenyewe, aliyeonyeshwa wazee wake wote siku ya kwanza, alimwona mgeni akaona si mahali pake kusema. Kesi ya roho ya mtu, chumba kimejaa, kila mmoja ameona na kila mmoja amemwachia mwenzake. Nilikuwa nimeogopa siku nne kutoboa siri ambayo haikuwa siri hata kidogo.

Rufani ilichukua zaidi ya mwaka. Idi muda wote huo alikaa kwenye chumba cha wanaosubiri kamba. Mimi sikushitakiwa wala sikufukuzwa. Nilipelekwa chumba cha majalada ya zamani, mimi na panya, na huko ndiko nilikojifunza sheria, kwa kusoma majalada ambayo hakuna aliyekuwa anayataka. Karani yeyote anayetaka kujua kazi hii aanzie huko, ila avae viatu vya kufunika. Siku moja Bwana Lukas akaja akasimama mlangoni, akasema majaji wa rufani wamefuta kesi ya Idi yote. Itasikilizwa upya, jaji mwingine, wazee wengine. Akaondoka, lakini aliniachia mfuko wa karanga mezani.

Kesi ya pili niliomba ruhusa nikaisikiliza nimekaa kwenye mabenchi ya watu, pembeni ya Bi Tatu. Alinisogezea nafasi. Sikumwambia itakuwaje, naye hakuniuliza. Jaji huyu alikuwa mama wa watu mpole aliyeinua kichwa kila mara, na wazee wake aliwaita kwa majina. Siku ya tatu akaamuru wote wapelekwe dukani. Pale dukani alimtaka Idi aingize mkono dirishani. Mkono uliishia kwenye kiwiko, wavu unazuia, mizani iko mbali. Nilijibana nisimwambie Bi Tatu kitu.

Zamu ya wazee kutoa maoni ikafika. Wa kwanza akasema amekwenda kuliona lile dirisha, lakini wavu ule ni mpya, siku ya ugomvi ulikuwaje yeye hajui, na anachojua ni kwamba kijana alikimbia, akajificha siku tatu. Ana hatia. Wa pili akasema mtu ambaye hakufanya kitu angebaki amsaidie aliyeanguka. Ana hatia. Wa tatu akasema anakubaliana na wenzake.

Watu wa mtaani kwetu, watu walewale niliowatetea moyoni zaidi ya mwaka, wote watatu. Ingekuwa korti ndogo ya Kariakoo, ingekuwa kura kama nilivyotaka iwe, Idi angekuwa ameshakufa pale alipokaa.

Jaji alisoma hukumu yake siku iliyofuata. Akasema amewasikiliza wazee kwa heshima na hakubaliani nao. Mtu huweza kukimbia kwa hofu tu. Kuhusu wavu kuna shaka, na shaka ni ya mshitakiwa. Karani aliyekuwa anatafsiri akasema kwa Kiswahili kwamba Idi yuko huru.

Watu wakasimama. Bi Tatu hakusimama. Alisubiri mpaka askari alipofungua pingu, zikawa mkononi mwa askari na si mkononi mwa mwanawe, ndipo akanigeukia.

"Wazee wote wamesema ana hatia."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu Jaji anaruhusiwa kuwakatalia?"

"Anaruhusiwa."

"Na yule wa kwanza, alipowakatalia wale waliosema hana, naye aliruhusiwa?"

"Aliruhusiwa, mama. Ni sheria ileile."

Idi alikuwa ameshafika mbele yetu, amekonda, hajui aweke wapi mikono yake. Bi Tatu aliinuka, akamshika kifundo cha mkono pale pingu zilipokuwa.

"Mwanangu," akaniambia, "nyie watu mnatisha."

Akatoka naye, hakumwachia mkono mpaka barabarani.